Hesabu Kabla ya Chuma: Mwanzo wa Kuchonga Gia kwenye Mashine ya Milingi

Swali ambalo huulizwa tena na tena na watu wanaomiliki mashine ndogo, na hata na mafundi wanaozihudumia, ni hili: je, gia iliyokatika meno inaweza kuchongwa upya katika karakana ya kawaida, au hapana budi iagizwe kutoka nje ya nchi? Jibu ni kwamba inaweza kuchongwa, ilimradi karakana iwe na mashine ya milingi, kifaa cha kugawia mduara, kisu kinachofaa, na fundi aliye tayari kukaa na kalamu na karatasi kabla ya kuwasha mota. Sharti hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa gia nyingi zinazoharibika karakanani haziharibiwi na kisu kibovu wala chuma kibaya, bali na hesabu iliyofanywa kwa haraka.

Ili maelezo yasielee hewani, sura hii inafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ni gia ya mashine ya kukamulia miwa, mfano wa zile zinazoonekana kando ya barabara na sokoni kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Unguja. Ndani ya mashine hiyo rola mbili za chuma huuminya muwa kati yake, na ili zivute muwa kwa mwendo mmoja, kila rola hufungwa gia mwishoni, gia hizo mbili zikiwa na idadi ileile ya meno. Mwendo ni wa polepole na nguvu ni kubwa, kwa hiyo meno huliwa taratibu mpaka siku fundo gumu la muwa linapokwama na jino kukatika.

Milingi ni nini, na inatofautianaje na lezi?

Watu wengi wanaifahamu lezi, yaani mashine ya kukereza, ambayo huzungusha kipande cha chuma huku kisu kikiwa kimetulia na kukimenya. Mashine ya milingi hufanya kinyume chake: kisu chenye meno mengi ndicho kinachozunguka, na kipande kinachochongwa hufungwa juu ya meza ambayo husogezwa polepole kuelekea kisu hicho. Lezi hutoa vitu vya mviringo; milingi hutoa nyuso bapa, mifereji na, kwa msaada wa kifaa kitakachoelezwa hapa chini, meno ya gia.

Ni muhimu kuelewa tangu awali kwamba gia haichongwi kwa kuunda meno, bali kwa kuondoa nafasi zilizo kati ya meno. Kisu hupita ukingoni mwa gurudumu na kuacha mfereji, gurudumu linazungushwa kidogo, kisu kinapita tena, na chuma kinachobaki kati ya mifereji miwili ndicho jino. Kutokana na hilo, mambo mawili tu huamua ubora wa gia: umbo la mfereji, ambalo ni kazi ya kisu, na usawa wa nafasi kati ya mfereji na mfereji, ambao ni kazi ya fundi.

Kwa nini jino halina umbo la pembetatu tu?

Asiyeizoea kazi hii anaweza kudhani kwamba jino lolote lililochongoka litatosha, na kweli gia za kale za shaba zilikuwa na meno ya pembetatu yaliyochongwa kwa tupa. Gia za namna hiyo huzunguka, lakini huzunguka kwa mishtuko, kwa sababu kila jino linapoingia na kutoka mwendo wa gia inayosukumwa huongezeka na kupungua. Katika karne ya 18 mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, alionyesha kwamba ubavu wa jino ukifuata mchirizo maalumu uitwao involuti, gia moja husukuma nyingine kwa mwendo usiobadilika.

Involuti si jambo la kutisha. Uzi ukizungushiwa kopo, ncha yake ikafungwa penseli, kisha uzi ukafunguliwa huku ukiwa umekazwa muda wote, penseli itachora juu ya karatasi mchirizo unaopinda taratibu na kujitanua. Mchirizo huo ndio involuti, na kopo ndilo duara la msingi la gia. Umbo hili lina fadhila moja ambayo mkamuaji wa miwa hunufaika nayo bila kuijua: hata gia mbili zikisogezwa mbali kidogo, kwa mfano pale rola zinapolegezwa kwa skrubu ili muwa mnene upite, uwiano wa mwendo wao hauharibiki. Kinachoongezeka ni nafasi kati ya meno tu.

Kusoma gia iliyovunjika

Gia iliyovunjika ni barua kwa fundi, na kazi ya kwanza ni kuisoma. Neno la kwanza la kujua ni moduli, ambayo ni kipimo cha ukubwa wa jino kwa milimita. Gia zinazokusudiwa kusagana lazima ziwe na moduli moja, kama vile nati na bolti zinavyopaswa kuwa na nyuzi zinazolingana. Neno la pili ni duara la mkutano, nalo ni duara la kufikirika linalopita karibu na katikati ya kimo cha meno. Lau gia mbili zingekuwa magurudumu laini yanayogusana bila kuteleza, duara hilo ndilo lingekuwa ukingo wake. Kipenyo cha duara la mkutano ni moduli ikizidishwa kwa idadi ya meno.

Kwa kuwa meno huchomoza nje ya duara hilo kwa kiasi cha moduli moja kila upande, kipenyo cha nje cha gia ni sawa na moduli ikizidishwa kwa idadi ya meno baada ya kuongezwa 2. Kanuni hii ikigeuzwa hutoa moduli ya gia isiyojulikana. Katika mfano wa mashine ya miwa, meno, pamoja na nafasi za yale yaliyokatika, yamehesabiwa na kuwa 28, na kalipa ya venia imeonyesha kipenyo cha nje cha milimita 89.8. Kipimo hicho kikigawanywa kwa 30 hupatikana 2.99, yaani moduli 3 iliyochakaa kidogo kwenye ncha. Gia mpya itakuwa na vipimo hivi:

- kipenyo cha nje: 3 × 30 = milimita 90;
- kipenyo cha duara la mkutano: 3 × 28 = milimita 84, ambayo pia ndiyo umbali kati ya vitovu vya gia mbili zinazolingana;
- kina cha mfereji: 3 × 2.25 = milimita 6.75.

Kina kinazidi moduli mbili kwa robo moja ili ncha ya jino isigonge sakafu ya mfereji wa gia mwenzake.

Hapa pana mtego unaostahili kutajwa waziwazi. Mashine nyingi za zamani, hasa zilizotoka Uingereza na Marekani, hazikutengenezwa kwa moduli bali kwa kipimo cha inchi, ambacho huhesabu idadi ya meno kwa kila inchi moja ya kipenyo cha duara la mkutano. Kipimo hicho hubadilishwa kuwa moduli kwa kugawanya 25.4 kwa idadi hiyo. Gia yenye meno 10 kwa inchi huwa na moduli 2.54, ambayo fundi mwenye haraka huiandika 2.5 na kuendelea na kazi. Kwa gia ya meno 28 tofauti hiyo ndogo inageuka kipenyo cha nje cha milimita 75 badala ya 76.2, na gia itakayochongwa haitasagana vizuri na ile iliyobaki kwenye mashine. Aidha, gia yenye idadi ya meno isiyogawanyika kwa mbili hudanganya kalipa, kwa kuwa ncha ya jino upande mmoja hutazamana na mfereji upande wa pili, na kipimo hutoka pungufu.

Jambo la mwisho la kusoma ni pembe ya msukumo, yaani mwinamo wa mstari ambao jino hutumia kusukuma mwenzake. Gia za siku hizi nyingi zina nyuzi 20, ilhali za zamani nyingi zilikuwa na nyuzi 14.5, na mbili hizi hazichanganywi. Katika mashine ya miwa ni busara kuchonga gia zote mbili upya, si ile iliyovunjika peke yake: jino jipya likisukumwa na jino lililoliwa, litachukua ubaya wa mwenzake haraka, na isitoshe, jozi mpya humwachia fundi uhuru wa kuchagua nyuzi 20 bila kubahatisha ya zamani. Kuhusu desturi ya kujaza jino lililokatika kwa welding na kulichonga kwa tupa, inafaa kusemwa kwamba ni tiba ya dharura ya kumaliza siku ya biashara, wala haipaswi kuitwa matengenezo.

Kisu na namba zake

Kisu cha gia ni kisahani cha chuma kigumu chenye meno ukingoni, na kila jino lake limechongwa kwa umbo la mfereji unaotakiwa. Historia yake imefungamana na ya mashine yenyewe. Mnamo 1862 Joseph R. Brown, wa kampuni ya Brown & Sharpe katika mji wa Providence, Marekani, alibuni mashine ya milingi ya kazi nyingi iliyokuja na kichwa cha kugawia, yaani kile kifaa cha kugawia mduara; haja iliyoichochea ilikuwa kuchonga mifereji ya keekee za kutobolea, wakati viwanda vya bunduki vilipokuwa vikihangaika na mahitaji ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Miaka miwili baadaye, mwaka 1864, Brown alipata hataza ya kisu ambacho kinaweza kunolewa usoni mara nyingi bila umbo lake kubadilika. Kabla ya hapo, kila kunoa kulimaanisha kuharibu umbo.

Hata hivyo kisu kimoja hakitoshi kwa gia zote za moduli moja, kwa sababu gia ndogo ina meno yaliyopinda sana ubavuni na gia kubwa ina meno yanayokaribia kunyooka. Watengenezaji walikubali mapatano: kwa kila moduli huuzwa seti ya visu vinane, na kila kimoja huhudumia kundi la idadi za meno, yaani 12 hadi 13, 14 hadi 16, 17 hadi 20, 21 hadi 25, 26 hadi 34, 35 hadi 54, 55 hadi 134, na 135 kuendelea mpaka gia iliyonyooka kama rula. Umbo la kisu huwa sahihi kabisa kwa idadi ndogo zaidi ya kundi lake na huwa la kukaribia kwa zinazobaki. Kwa gia ya meno 28, kisu ni cha kundi la 26 hadi 34.

Fundi anayenunua kisu asitegemee namba ya mpangilio peke yake. Katika visu vya inchi, namba 1 ni ya gia kubwa kuliko zote na namba 8 ni ya meno 12 na 13; katika seti nyingi za moduli mpangilio umegeuzwa. Kisu cha meno 28 huitwa namba 4 kwa utaratibu wa kwanza na namba 5 kwa utaratibu wa pili. Kinachopaswa kusomwa ni moduli, pembe na idadi za meno zilizochongwa ubavuni mwa kisu chenyewe.

*Kwa ufupi: kabla ya kugusa mashine, fundi awe ameandika idadi ya meno, moduli, pembe ya msukumo, kipenyo cha nje, kina cha mfereji na kundi la kisu.*

Kugawa mduara

Sehemu hii ndiyo roho ya kazi yote. Mduara una nyuzi 360, na 360 zikigawanywa kwa 28 hutoa 12.857 na tarakimu zisizokoma, jambo linaloonyesha wazi kwamba hakuna awezaye kuzipima kwa jicho. Kichwa cha kugawia huondoa tatizo hilo kwa kubadilisha nyuzi kuwa mizunguko na matundu. Ndani yake kuna skrubu nene inayozungusha gurudumu lenye meno 40, kwa hiyo mkono wa kuzungushia ukizungushwa mara 40, kipande kinachochongwa huzunguka mara moja tu. Kanuni inafuata yenyewe: 40 igawanywe kwa idadi ya meno.

Kwa meno 28, jawabu ni mzunguko 1 na sehemu 3 kati ya 7. Sehemu hizo hupatikana kwenye sahani ya matundu, ambayo ni bamba lenye miduara kadhaa ya matundu, kila mduara ukiwa na idadi yake. Hutafutwa mduara ambao idadi yake hugawanyika kwa 7; sahani ya pili katika seti ya Brown & Sharpe ina mduara wa matundu 21, na sehemu 3 kati ya 7 za 21 ni 9. Basi kila baada ya mfereji mmoja, mkono huzungushwa mara 1 kamili na kusogezwa matundu 9. Uthibitisho ni rahisi: hatua hiyo ikirudiwa mara 28 jumla yake ni mizunguko 40 kamili. Kwa njia hiyohiyo, meno 20 huhitaji mizunguko 2 bila tundu la ziada, meno 30 huhitaji mzunguko 1 na matundu 5 kwenye mduara wa 15, na meno 36 huhitaji mzunguko 1 na matundu 2 kwenye mduara wa 18. Zipo idadi zinazokataa, mashuhuri zaidi ikiwa 127, ambayo hutumika kwenye lezi za inchi ili zikate nyuzi za milimita. Hiyo huhitaji mpangilio wa gia za ziada na haimfai anayeanza.

Mbele ya sahani huwapo mikono miwili ya kuhesabia, inayofunguka kama miguu ya bikari na kufungwa kwa skrubu, ili fundi asihesabu upya kila mara. Kosa linalowanasa wengi liko hapa. Matundu 9 ni nafasi 9, kwa hiyo kati ya mikono hiyo yanapaswa kuonekana matundu 10, likihesabiwa na lile ambalo pini ya mkono wa kuzungushia imetulia ndani yake. Athari ya kosa hilo si ndogo: tundu moja likikosewa katika kila hatua, hatua 28 hukusanya mzunguko mmoja na theluthi wa mkono, ambao kwenye gia ni nyuzi 12, karibu jino zima. Meno ya mwanzo yatapendeza machoni, na uharibifu utajitokeza kisu kitakapokaribia kurudi kilipoanzia, wakati chuma kimekwisha kukatwa na hakirudishiki.

Kwa sababu hiyo, kila gia ianze na mzunguko wa alama. Kipande hupakwa rangi ukingoni, kisu huguswa kwa wepesi mno, na hatua zote 28 hupitishwa kwa kuacha mikwaruzo tu. Alama ya 29 ikiangukia juu ya alama ya kwanza, hesabu ni salama. Dakika zinazotumika kwa jambo hili huokoa kipande kizima.

Skrubu ya kichwa cha kugawia nayo huwa na ulegevu. Mkono uzungushwe upande mmoja tu tangu jino la kwanza hadi la mwisho. Pini ikipita tundu lake, isirudishwe moja kwa moja, bali mkono urudishwe nyuma kiasi cha nusu mzunguko kisha uletwe tena kwa upande uleule.

Kufunga na kulenga

Kipande ghafi, yaani gurudumu ambalo halijachongwa meno, hukerezwa kwanza kwenye lezi hadi milimita 90, kikiwa kimefungwa juu ya mandreli, ambayo ni fimbo laini ya chuma inayopita katika tundu la kati. Mandreli hiyohiyo ndiyo hupelekwa kwenye milingi, upande mmoja ukishikwa na kichwa cha kugawia na mwingine ukiegemezwa. Saa ya kupimia ikiwekwa ukingoni na kipande kikazungushwa, mshale usitembee zaidi ya milimita 0.03 hivi, kwa maana gia ambayo kitovu chake kimehama hubana upande mmoja na kulegea upande wa pili katika kila mzunguko.

Kisha kisu hulengwa katikati. Kisu kilichohama kando huzaa meno yaliyolala upande mmoja, na meno hayo hupiga kelele hata kama nafasi zake ni sawa. Kwenye milingi ya mlalo, meza huinuliwa mpaka kisu kinachozunguka kiguse rangi, kisha husogezwa kidogo kwa upana ili kubaki alama ndogo yenye umbo la yai. Katikati ya alama hiyo ndipo juu kabisa ya kipande, na hapo ndipo kisu huletwa. Meza ikishalengwa hufungwa kwa upande huo na haiguswi tena.

Kukata

Mwendo wa kisu hutegemea chuma. Kwa chuma laini na kisu cha kawaida, meta 15 kwa dakika ukingoni mwa kisu ni mwanzo salama, na kwa kisu cha kipenyo cha milimita 70 hiyo ni takriban mizunguko 70 kwa dakika. Mafuta ya kukatia yamiminwe bila ubahili. Meza isogezwe kinyume cha mwelekeo wa meno ya kisu, kwani kwenye mashine kuukuu yenye skrubu iliyolegea, kisu kinachokwenda pamoja na kazi huivuta ghafla na kuvunja meno yake pamoja na mandreli. Kabla ya kila mkato kichwa cha kugawia hukazwa, na hulegezwa baada tu ya kisu kutoka kabisa. Chembe za chuma huondolewa kwa brashi mashine ikiwa imesimama, mikono haivai glavu karibu na kisu, na macho hukingwa kwa miwani.

Kina cha milimita 6.75 hakifikiwi kwa pigo moja. Mzunguko wa kwanza huishia milimita 6, na kabla ya kuongeza kina ndipo kipimo chenye kuaminika zaidi hutumika. Kalipa hushika meno manne kwa pamoja, taya zake zikigusa mbavu za nje za jino la kwanza na la nne. Kwa gia ya meno 28, moduli 3 na nyuzi 20, umbali huo ukikamilika unapaswa kuwa milimita 32.17, na kwa kawaida hupunguzwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita ili meno yapate nafasi ya mafuta. Kila milimita ya kina hupunguza kipimo hicho kwa 0.68. Basi kalipa ikisoma 32.68 kwenye kina cha milimita 6, imebaki milimita 0.75 ya kukata, na hesabu ya karatasini imekubaliana na chuma. Ikisoma vingine, ni heri kusadiki kalipa kuliko duara la vipimo kwenye mkono wa meza, kwa kuwa huenda kipande kilikerezwa kikubwa au kidogo kidogo. Mifereji mitano inatosha kupata meno manne ya kupima, hivyo kina cha mwisho hujulikana mapema.

Kuifunga jozi

Njia hii ya kisu kimoja na mfereji mmoja baada ya mwingine haitumiki tena viwandani kwa gia nyingi. Tangu Hermann Pfauter wa Chemnitz, Ujerumani, apate hataza ya mashine yake mwaka 1897, gia nyingi huchongwa kwa kisu chenye umbo la skrubu kinachozunguka pamoja na kipande bila kusimama. Lakini mashine hizo ni za uzalishaji wa mamia, na kwa jozi moja ya mwendo wa polepole milingi inatosha kabisa.

Baada ya kingo kali kuondolewa kwa tupa laini na mfereji wa kabari kukatwa, gia mbili hufungwa kwenye rola na kuzungushwa kwa mkono kabla ya mota kuunganishwa. Ukanda wa karatasi ukipitishwa kati ya meno utoke umekunjika bila kukatika, tena kwa alama zinazofanana tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa vile gia zote mbili zina meno 28, jino lilelile hukutana na mwenzake yuleyule katika kila mzunguko, na kadiri siku zinavyopita kila mawili huzoeana kwa namna yake. Kwa hiyo fundi hupiga nukta moja kwa senta panchi juu ya jino la gia ya kwanza na nukta mbili kandokando ya mfereji unaolipokea kwenye gia ya pili, ili yeyote atakayezifungua baadaye kwa kusafisha au kubadilisha beringi azirudishe meno yaleyale yakitazamana.